Kitanda cha Mama Mkwe

Mimi nimeua kunguni wa walimu, wa wenye nyumba za wageni, na wa mzee mmoja wa Nyasura aliyeapa kwamba hana hata mmoja huku anajikuna. Kazi hiyo niliianza miaka ya shida, sabuni ilipokuwa haionekani dukani, na silaha zangu zilikuwa maji ya moto, jua na hasira. Ruksa ilipokuja, biashara ikafunguliwa, maduka ya Musoma yakajaa, nikapata bomba la kupulizia dawa, nikalibeba mgongoni, watu wakaanza kuniita fundi.

Lakini bomba si kitu. Huko Bunda watu walikuwa wanapuliziaga magodoro dawa ya pamba, halafu wanatapika wao, kunguni wanawaangalia. Niliwagombeza mpaka sauti ikakauka. Kunguni anataka subira: unafungua kitanda, unamtafuta kwenye maungio, unamwagia maji yanayochemka, unaziba nyufa za ukuta, na baada ya wiki mbili unarudia, maana mayai uliyoyaacha yameshaanguliwa. Ukikagua mara ya mwisho na kukuta pasafi, unamwambia mwenye nyumba, "Sasa lala." Neno hilo nilikuwa nalipenda kuliko malipo.

Basi mke wangu akapata mimba ya kwanza. Tulikuwa tunakaa Kigera, na mipango yote ilikuwa kwamba akajifungulie kwa mama yake, Mwitongo kule Butiama, kama ilivyo desturi. Mimba ilipofika mwezi wa nane mama yake akatuma kikapu cha udaga, mihogo mikavu ya ugali, na ujumbe mfupi: asije, ajifungulie huko huko mjini.

Mke wangu alilia siku nzima. Mama amenikataa, alisema, nimemkosea nini mama. Mimi nikakaa pembeni na kile kikapu, na kwa mazoea ya kazi nikaanza kupekua ukingo wake. Vidoa vyeusi. Nikapekua tena, na huyo hapo, bapa, mwekundu, ametulia kama mgeni aliyekaribishwa. Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Mke wangu akadhani namcheka yeye, akanirushia kandambili, ikanipata sikioni.

"Mama yako hajakukataa," nikamwambia. "Mama yako ana kunguni, na ananionea aibu mimi."

Akamtazama yule mdudu, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Nikasema mficha uchi hazai. Akanijibu methali hiyo nikamwambie mama yake mwenyewe, kama mimi ni mwanaume kweli.

Hapo ndipo kicheko kiliponikauka. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemezani moja kwa moja. Chumba chake huingii, na kitanda chake hukitupii macho mpaka uzikwe. Nimefungua vitanda vya nusu ya mkoa, na hicho kimoja nilichokuwa nakihitaji kilikuwa haramu kwangu. Na kama kisingefunguliwa, mke wangu angezaa bila mama yake.

Tukaenda hivyo hivyo. Bomba nililiacha nyumbani, sikutaka dawa karibu na mjamzito. Mama aliponiona kwa mbali akaingia ndani akafunga mlango. Mke wangu akasimama uani, na tumbo lake, awe mjumbe kati yangu na ukuta.

"Mwambie mama hatumcheki. Mwambie mimi mwenyewe nimeletaga kunguni nyumbani kwenye mfuko wa kazi."

"Mama, anasema..."

"Nimesikia," sauti ikasema.

Halafu tukasikia nyundo. Dirisha likafunguka, ukatoka mguu wa kitanda, ukaanguka nyasini. Ukafuata wa pili. Zikafuata mbao za ubavuni, na mwisho fundo kubwa la kamba.

"Mwambie huyo," sauti ikasema, "hizo ni kuni."

Kuni! Nani alinikataza kushika kuni? Nikaziinjikia maji, nikamwagia kila tundu, na wale wajukuu wa laana wakatoka kwa mamia. Jirani akapita, akauliza tunafanya nini. Mke wangu akamjibu tunachemsha kuni. Jirani akasema haya, akaenda zake akigeuka nyuma kila hatua mbili.

Ndani, mama alikuwa anasafisha chumba mwenyewe, nikimwelekeza kupitia ukutani.

"Mwambie apitishe kisu kwenye nyufa, polepole."

"Mama, anasema..."

"Na huyu anayekimbilia darini?" mama akauliza, moja kwa moja.

"Mwagia, mama, usimwachie," nikajibu, moja kwa moja.

Tulikuwa tumevunja desturi kwa sababu ya kunguni mmoja.

Wiki mbili baadaye nilirudi kwa awamu ya pili, nikakuta awamu ya pili imeshafanyika. Nyufa zote za ndani, nikaambiwa, zilikuwa zimesilibwa kwa udongo na samadi. Kupitia shangazi wa mke wangu nikaletewa kiberiti, ndani yake kunguni wawili wakavu: hao ndio wa mwisho, mama anasema. Nikampeleka mke wangu wiki hiyo hiyo.

Akazaa mtoto wa kike, salama. Siku ya nane nikaenda kumwona. Uani palikuwa pametandikwa kanga nyeupe juani, na binti yangu amelala juu yake, uchi. Mke wangu alikuwa amekaa mlangoni, anatabasamu, haniambii kitu. Mama mkwe alikuwa nyuma ya jiko.

"Fundi," akasema kutoka huko. "Kagua."

Nikapiga magoti. Nikakagua mikunjo ya shingo, nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti, kama ninavyokagua pindo za godoro. Hakuna kipele. Hakuna hata kidoa.

"Mbona kimya?" mama akauliza. "Umeona kitu?"

Mke wangu akasogea, akaniinamia, akaninong'oneza kwamba mama hajalala tangu mtoto azaliwe. Kila usiku anakaa na koroboi, anamlinda.

Nikageukia jiko.

"Mama," nikasema, "sasa lala."