Uso wa Shangazi Kavindu

Kavindu alisuka kiondo akitembea. Hakuiacha tabia hiyo hata baada ya wanawake wenzake wa Migwani kuanza kwenda sokoni wakiwa wameshika simu. Kitako cha kiondo kilikaa kwapani, nyuzi za katani zikaning'inia mbele yake kama ndevu za beberu, na vidole vikaenda vyenyewe huku macho yakitazama njia, watu, na mbuzi wa jirani walioingia shamba la mtu. Kutoka nyumbani kwake hadi kanisani zilikuwa safu tano za kiondo. Hadi sokoni, kumi na mbili. Mgeni akiuliza ni umbali gani hadi zahanati, alimjibu kwa safu, na mgeni alienda zake akikuna kichwa.

Nzilani, binti wa kaka yake, alikulia nyuma ya kiondo hicho. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka sita, na Kavindu akaenda kijijini Nuu kumchukua, akarudi naye na godoro moja. Nzilani alikuwa amepewa jina la nyanya yake, ambaye ndiye aliyemzaa Kavindu, na kwa desturi ya Wakamba anayelibeba jina huibeba na heshima yake. Kwa hiyo Kavindu alimwita Mwaitu, yaani mama yangu. Mtoto wa miaka sita akawa mama wa mwanamke wa miaka thelathini na tano.

"Mwaitu, umeosha miguu?" alikuwa akiuliza jioni. Au, "Mwaitu, ukilia namna hiyo, mimi mwanao nitaenda kulia kwa nani?"

Miaka mingi baadaye, Nzilani akiwa na miaka arobaini na minne na kazi ya kuchora jijini Nairobi, bado hakuna mtu mwingine aliyeweza kumfanya ajione mkubwa na mdogo kwa wakati mmoja.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kuieleza kijijini. Yeye na mwenzake Wanyoike, kijana mpole aliyejua kompyuta kuliko alivyojua watu, walikuwa wakitengeneza gemu. Ilikuwa hadithi ya nchi kavu ambayo mto wake ulikasirika ukaingia chini ya mchanga, na ya mwanamke aitwaye Syombua aliyeufuata. Katika nchi hiyo vilima vilisogea ukivitazama kwa pembe ya jicho. Mawe yaliota ndoto za maji, na ukilaza sikio kwenye mchanga ulisikia mto ukipita huko chini, ukizungumza peke yake kama mgonjwa wa homa. Nzilani aliichora nchi hiyo miaka miwili, na kuna siku alirudi nyumbani akashangaa kuona barabara ina lami.

Uso wa Syombua ndio uliomsumbua. Wa kwanza ulikuwa mrembo kupita kiasi. Wa pili ulifanana na kila shujaa wa kila gemu: kiuno cha nyigu, panga refu kuliko mwenye kulibeba, macho yenye hasira isiyo na sababu. Kisha alasiri moja ya mvua ndogo mkono wake ulianza kuchora bila kumuuliza. Zikaja nyusi nyembamba, mabega madogo, vifundo vya miguu vinene vya mtu aliyepanda vilima akiwa na mzigo. Na katikati ya paji la uso, juu kidogo, ukatokea mfereji. Ulikuwa mfuo mwembamba ulioingia ndani ya fuvu.

Wanyoike alisogea akasimama nyuma yake.

"Wale wafadhili wetu watasema ni kovu la upanga," alisema.

"Waseme."

"Lakini mimi naujua. Ni wa mukwa. Cucu yangu alikuwa nao. Tukiwa wadogo tulikuwa tunaweka kidole hapo." Akajigusa paji la uso, pale mfereji wa nyanya yake ulipokuwa. "Usiuondoe."

Mukwa ni ule mkanda wa ngozi unaopita kichwani kushikilia mzigo mgongoni, na Kavindu alikuwa ameuvaa tangu utotoni, akibeba mitungi kutoka visima vya mchangani ambako wanawake walichimba kwa kata mpaka maji yakajileta. Mifupa yake ilikubali umbo la kazi. Nzilani alipokuwa na homa akiwa mtoto, alilala kifuani kwa shangazi akipitisha kidole katika mfereji ule, kwenda na kurudi, mpaka usingizi ulipomchukua.

Hakumwambia shangazi kwamba amemchora. Alijiambia ni zawadi, na zawadi haitangazwi. Jambo la kweli aliliogopa hata kulifikiria: Kavindu alikuwa amefika miaka sabini na mitatu, moyo wake ulikuwa umeanza kuruka mapigo, na Nzilani alitaka awepo mahali ambapo daktari hana la kusema.

Agosti hiyo, gemu ikiwa imebakiza wiki chache itoke kwa wachezaji, aliipeleka Migwani ndani ya tableti, akaiegemeza kwenye birika mezani. Kavindu alivaa miwani yake, ile iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Syombua alipotokea, akageuka, upepo ukampeperushia leso, yule mzee aliinama hadi pua ikakaribia kioo.

"Huyu ni mimi," alisema.

"Ni wewe, Shangazi."

"Mbona amenuna? Amefiwa?"

"Ni shujaa. Mashujaa huwa hawacheki."

"Ati hawacheki! Nani amekudanganya?" Akacheka mwenyewe, kile kicheko chake cha kushika mwimo wa mlango. Huyu ndiye mwanamke aliyewaongoza wanawake arobaini wa mwethya, kikundi cha kazi ya pamoja, kuchimba matuta mlima mzima, kila asubuhi akiwatania wavivu mpaka wakachimba kwa aibu. Huyu ndiye aliyemwambia mhubiri mbele ya kanisa kwamba hata Bwana alipumzika siku ya saba, naye afupishe. Na huyu ndiye aliyemkimbia kinyonga, akaacha kiatu njiani. Katika karatasi ya gemu, mbele ya neno tabia, Nzilani alikuwa ameandika: mkali, haogopi, hasemi.

Alimwonyesha jinsi ya kumwendesha. Kidole kigumu cha Kavindu kikamtembeza Syombua hadi kwenye boma la kwanza, na Syombua, kama wafanyavyo mashujaa wa gemu zote, akasukuma mlango, akaingia, akafunua vyungu, akafungua sanduku, akachukua mkate na kisu, akatoka.

Kavindu alivua miwani.

"Hiyo nyumba ni ya nani?"

"Si ya mtu, Shangazi. Ni ya... ni gemu tu."

"Kuna moto jikoni. Kuna mkeka. Ina mwenyewe." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ameingia kwa watu bila hodi. Amefunua chungu cha mwanamke mwenzake akakitazama ndani. Uso ni wangu, Mwaitu, na mikono ni ya mwizi."

"Nitabadilisha kidogo..."

"Na mimi uliniomba lini?"

Kuku aliingia, akatazama huku na huku, akatoka.

"Uliingia kwangu ukachukua," alisema Kavindu, bila hasira, na hilo ndilo lililouma. "Sikupi ruhusa. Kanisa lote watasema Kavindu amezeeka akaanza kuiba. Nipe uso wangu nikae nao."

Usingizi haukumjia vizuri Nzilani wiki ile. Aliporudi ofisini alimwambia Wanyoike kwamba Syombua hatatoka mpaka mwenyewe akubali, na kama hatakubali, wataanza upya na uso mwingine.

"Miaka miwili, Nzilani!"

"Najua."

"Kwa sababu ya hodi?"

"Cucu yako angefanyaje, mtu akimfunulia chungu?"

Wanyoike alifikiri. "Angempiga na mwiko," alikiri, akavuta kiti.

Wakafanya kazi mwezi mzima. Sasa Syombua alipofika mlangoni alisimama. Alipiga hodi, akasubiri. Wenyewe wakiitikia, aliingia, akasalimia, akaambiwa habari za mto. Wasipoitikia, hakukuwa na kitufe cha kuuvunja mlango. Ilibidi aende zake na njaa yake. Wanyoike alilalamika kwamba hakuna mchezaji atakayesubiri. Vijana walioijaribu walilalamika pia, siku ya kwanza. Siku ya pili walinyamaza. Wakiwa wamesimama pale mlangoni na Syombua walianza kusikia vitu: mchi ukitwanga mbali, mtoto akibembelezwa, mto ukipita chini ya nyayo zao. Mmoja alisema alikaa katika ua mmoja nusu saa akisahau alichokuja kutafuta.

Panga likaondolewa. Vidole vyake vikapewa uzi. Na mahali fulani katika safari, kinyonga alivuka njia, na shujaa akapiga kelele akakimbia, kisha akajicheka.

Septemba Nzilani aliyapeleka hayo yote Migwani. Kavindu alitazama hadi jua likahama kutoka mezani hadi ukutani. Kwenye kinyonga alijifunika mdomo kwa leso, mabega yakitikisika. Hakusema ndiyo. Aliuliza kama Syombua huwa anakula, na anakula nini, na kama akianguka huumia.

"Akianguka anaamka tena."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Maskini," alisema Kavindu, akamrudishia tableti. "Wacha nifikirie."

Nzilani alirudi Nairobi bila jibu. Gemu ilikaa kwenye kompyuta, imekamilika, haiendi popote. Wafadhili waliandika barua, Wanyoike akawajibu kwa upole kwamba kuna mzee anafikiria. Usiku Nzilani aliota nchi ile ya mchanga, na ndotoni hakuwa na hakika ni nani kati ya wanawake wawili aliyekuwa ametangulia mbele yake, kwa maana wote walikuwa na mabega yale yale, na hakuna aliyegeuka.

Shangazi alimpigia simu Jumanne ya wiki ya pili ya Oktoba, mchana, kelele za soko zikisikika nyuma yake. Alhamisi asubuhi jirani alimkuta kitandani, ametulia, moyo umechoka kuruka. Nzilani alisafiri siku hiyo hiyo. Na Syombua alitoka mwezi uliofuata, akapiga hodi kwenye milango ya watu wasiojua Migwani iko upande gani wa dunia, kwa sababu Jumanne ile mwenye uso alikuwa amesema:

"Huyo wako nimempa ruhusa, aende. Lakini wewe, Mwaitu, usikae huko kumtazama. Njoo Jumamosi, mawingu yameanza kukaa, na mbegu za mbaazi nimeshachagua."