Vifungo vya Véronique na Neno la Leonce

Nianze na Erick, maana hasira zangu ziko huko. Anaishi Pearland, anafanya kazi hospitali moja kubwa kule Houston, ndiye MC wa harusi zetu zote. Kila mwezi hupanda gari hadi huku kwetu Grand Prairie kusali na jumuiya. Njiani hubeba mizigo ya watu, dagaa za huyu na kitenge cha yule, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama kafikisha.

Lakini habari hii ni ya Leonce, fundi cherehani aliyejifunza kazi kwa baba yake Tabora. Hapa Grand Prairie anapanga maboksi ghalani siku tano, Jumamosi anafungua gereji yake na kushona. Ukimpelekea koti kuukuu hatazami kitambaa, anatazama vifungo. Anakigonga kifungo kwenye jino: kioo kinalia na jino linahisi ubaridi, plastiki inanyamaza. Kingine anakisugua kwa dole gumba hadi kipate joto, ananusa, na kikitoa harufu ya dawa ya hospitali anajua ni cha siku nyingi. Kisha anakigeuza. Anasema uso wa kifungo unaigizwa na yeyote, ila nyuma, pale kitanzi kilipoungwa na jina la kiwanda lilipogongwa, ni wachache wanaohangaika kudanganya. Akikutajia bei, ichukue hiyo. Yeye mwenyewe hatozi hata soda.

Véronique ni mjane wa Kirundi, anasafisha vyumba hotelini Irving, mji wa jirani, na haendeshi gari. Zamani alimtunza bibi mmoja wa Kizungu kwa miaka minne, na bibi alipokaribia kufa alimpa kopo la biskuti lililojaa vifungo vya mama yake. Kopo lilikaa kabatini hadi Annick, binti wa Véronique, alipopata nafasi ya kusomea unesi na ada ikapelea. Véronique akamkabidhi kopo Erick, aliyekuwa akielekea kwa Leonce.

"Kaka Erick, umufikishie Leonce. Aniambie kama vina maana."

Erick alilifikisha kweli. Ila pale gerejini alisema, "Bro, hivi ni vya jirani yangu Pearland, Mzungu ana-clean garage. Hebu ni-check-ie."

Leonce alikaa navyo mchana kutwa. Katikati ya takataka akakuta vifungo kumi na viwili vya kioo cheusi, vile walivyovaa Wazungu wa zamani wakifiwa, seti nzima, hakuna kilichomeguka. Alifurahi kama mtoto. Erick alikuwa anamrekodi kwa simu.

"Hivi usiviuze chini ya kodi ya miezi miwili," Leonce akasema, akicheka.

Siku hiyohiyo Erick akapita Irving. Akamwambia Véronique kwamba Leonce kaona ni plastiki tupu, lakini yeye atavichukua tu, vitafaa mapambo ya ukumbi. Akamwachia hela ya kuku mmoja. Véronique akamshukuru, na hakumpigia Leonce kuhakikisha. Kwao, na kwetu pia, jibu likishaletwa na mtu mzima, kumpigia aliyelitoa ni kumwita mletaji mwongo. Erick alilijua hilo vizuri sana, mshenzi yule.

Mwezi uliofuata Annick akaviona vifungo mtandaoni vinauzwa, na chini yake video: Leonce kashika kifungo cheusi, anacheka, anataja kodi ya miezi miwili. Maneno ya Erick kuhusu jirani Mzungu yalikuwa yamekatwa, ikaonekana Leonce alijua thamani yake na bado akamtumia mjane jibu la plastiki. Annick akanitumia, kwa kuwa mimi ni katibu wa jumuiya. "Auntie, mama alimu-trust sana Leonce," akaandika.

Nikaenda gerejini, nikamwonyesha Leonce, nikauliza, "Erick alikupa ngapi?" Ndivyo nilivyoanza, Mungu anisamehe. Miaka kumi na moja namjua, sare za harusi ya mwanangu alishona bure, na swali langu la kwanza likawa hilo. Aliitazama video mara tatu.

"Kopo lilikuwa la Véronique?" akauliza. Akakaa chini juu ya ndoo, na hapo nikajua kwamba hakujua.

Alimpigia Erick mbele yangu, spika ya simu ikiwa wazi.

"Kwani nimekuibia wewe?" Erick akasema. "Vishauzwa, kaka. Tuyaache." Akakata, na tangu hapo hapokei simu ya yeyote kati yetu.

Basi tukaenda Irving. Véronique alitukaribisha, akatupa chai na sambusa kama siku zote. Leonce akaanza kueleza, akimtaja Erick na ule uongo wa jirani, lakini hakufika mbali.

"Acha, kaka Leonce," Véronique akasema kwa upole. "Mimi nilishakusamehe. Usijitetee, utajiongezea zambi."

Nikadakia kwamba hata Leonce alidanganywa, nimesikia kwa masikio yangu. Akanigeukia kwa huruma. "Na wewe, dada, amekuleta uje umusemee?"

Leonce hakunywa chai yake. Njiani kurudi akasema afadhali Véronique angemtukana.

Jumapili jumuiya ilikutana nyumbani kwangu. Nilidhani Leonce hatakuja, akaja, akakaa kiti cha kando yangu. Tukasoma, tukaimba, ikafika zamu ya maombi, ambapo kila mwenye nia huitamka. Véronique akasimama, macho kafumba, na naapa hakuwa na chuki hata chembe.

"Tumuombee kaka yetu Leonce," akasema, "Mungu amutoe tamaa ya mali ya wajane."

Chumba kizima kikaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Mimi niliyeujua ukweli wote nikaitikia pia, mdomo ukaenda wenyewe kama ulivyozoea. Na pembeni yangu nikamsikia Leonce, naye anaitikia pamoja nasi.