Mnato wa Maji ya Baba

Nafundisha fizikia kidato cha tano hapa Karatu, na kila mwaka tukifika kwenye mnato, yaani ugumu wa kitu kutiririka, wanafunzi wangu hujikwaa palepale. Mnato wa hewa ni mdogo mno, tunauandika kwa sehemu za milioni za paskali-sekunde, kipimo cha mnato. Wa lami iliyoganda unafika mamilioni ya paskali-sekunde zenyewe. Ukitoka kipimo kidogo kwenda kikubwa unagawanya, wao huzidisha. Huwa nawafokea. "Mmeifanya hewa nzito kuliko lami! Nani atavuta pumzi humu?" Wanacheka, na zamani nilicheka nao.

Kisha kiharusi kikamwangusha baba. Alikuwa amefanya kazi kwenye shamba la kahawa Oldeani tangu ujana wake mpaka magoti yakamgomea. Kiharusi kilichukua mkono wa kulia na mguu wake, halafu kikachukua na koo. Muuguzi alinivuta pembeni akanieleza: maji ni mepesi mno kwake, yanakimbia kabla koo halijafunga njia ya hewa, yatampalia na kuingia mapafuni. Chochote anachokunywa kiwe kizito kama asali.

Shemeji yangu, anayeendesha watalii Ngorongoro, alitutafutia kopo la unga wa kuvifanya vinywaji kuwa vizito. Maelezo yake yalikuwa kwa sentipoizi, kipimo cha zamani cha mnato. Nikageuza harakaharaka: sentipoizi moja ni milipaskali-sekunde moja. Maji ni kama moja, kinywaji cha baba kiwe kama elfu moja, yaani paskali-sekunde moja. Ilikuwa hesabu ya nusu mstari, na nilifurahi kama mjinga nikidhani nimemwokoa.

Hesabu haikusema lolote kuhusu kiu. Baba aliyachukia yale maji. Yalijikokota ulimini na kiu ikabaki palepale. Maneno yalikuwa yamemponyoka karibu yote, lakini mawili aliyatamka vizuri: "maji" na "zito". Nikimpelekea kikombe alikiinamisha kwa mkono wake mzima, na akiona kilichomo hakichezi alikunja uso.

"Zito," alisema, na kunirudishia.

"Vumilia, baba. Ukipona utakunywa bomba zima."

Alikunywa. Alikuwa mtu wa kutii akishakubali jambo, na alitaka kupona. Mimi nilitoka nje nikaupiga teke mlango wa banda la kuku, maana sikuwa na mwingine wa kumpiga.

Kopo lilipoisha nikahamia uji wa mahindi. Niliupika mapema, nikauacha dirishani upoe na kushika kama asali, ndipo niende kazini. Hapo ndipo nilipokosana na desturi. Kwetu mgonjwa hapewi kitu cha baridi. Huku juu baridi inatafuna mifupa, na kikombe cha baridi mkononi mwa mgonjwa ni kama kumwambia hana watu.

Shangazi, dada yake baba, alikuja kutoka Buger kumtazama. Aliukuta uji dirishani umeganda, naye kaka yake analalamika kiu. Akafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa kwetu mwenye huruma angefanya: aliurudisha jikoni, akauongezea maziwa, akauchemsha ukalainika. Baba alikunywa kikombe kizima. Niliporudi kutoka shule nilimkuta akikohoa, na shangazi akimpapasa mgongo.

"Mwanangu," aliniambia, "umesoma mpaka umesahau baba yako ni mtu? Uji wa baridi hivi, hata mbwa hapewi."

Nilimweleza. Nilimwona uso ukibadilika kadiri nilivyoeleza, na maneno makali niliyokuwa nimeyapanga yakanikwama. Shangazi hatukanwi, na huyu alikuwa ameshajihukumu.

Nimonia ilikuja upesi. Hospitali walijitahidi, kisha wakaturudisha nyumbani. Daktari hakuzunguka sana. "Kama kuna kitu anakipenda, mpeni tu." Nilijua maana yake. Shangazi naye alijua, akajifunika uso kwa khanga.

Nyumbani nilichota maji, nikayapasha moto kidogo kwa heshima ya desturi, nikayatia kwenye glasi. Maji matupu. Nilimwinua baba kichwa.

"Baba, maji."

Aliishika glasi kwa mkono wake mzima, akaiinamisha. Maji yakakimbilia upande mmoja, yakarudi. Aliyatazama kwa tamaa, nilimwona koo likipanda na kushuka. Kisha akamtazama shangazi, aliyekuwa akitokwa na machozi, halafu akanitazama mimi. Baba hakusoma, lakini nyuso zetu alizisoma zote mbili. Niliipokea glasi, nikachota kijiko kimoja, nikakisogeza mdomoni, akafumba midomo akageuza uso.

"Zito," alisema.

Nilidhani sijamwelewa, nikasogeza tena. Akausukuma mkono wangu, maji yakamwagika kwenye blanketi.

"Zito."

Safari hii halikuwa lalamiko, alikuwa akiomba kizito, kama mtu ambaye bado anataka kupona. Shangazi aliinuka, akaenda kupika uji. Alipouleta aliuweka dirishani mwenyewe, tukakaa wote watatu kuusubiri upoe.