Mtu Pekee Aliyeutii Mpango wa Matofali

Katika kituo cha Matofali, kando ya barabara itokayo Webuye kwenda Kitale, watu walijua kwamba mji wao una mpango wa muda mrefu kama walivyojua kwamba Mlima Elgon una kilele: hawakuona haja ya kwenda kukitazama. Aliyeusoma mpango wenyewe, tangu jalada la mbele hadi la nyuma, alikuwa Zachary Wabwile peke yake.

Wabwile alikuwa mkalimani wa mahakama mjini Kitale. Maisha yake yote ya kazi alisimama kati ya kizimba na meza ya hakimu, akigeuza Kibukusu kuwa Kiswahili na Kiswahili kuwa Kiingereza. Hapo alipata imani moja kubwa, kwamba neno likishapigwa muhuri halirudi nyuma. Aliwaona watu wakifungwa kwa ajili ya mipaka, ng'ombe na matusi ya kilabuni. Yeye mwenyewe hakuwahi kukata hata tawi la mti wa mpakani bila kumwona chifu kwanza.

Basi wataalamu walipokuja mara ya kwanza kuuchorea mji mpango, Wabwile akiwa bado kazini, aliomba ruhusa akahudhuria mkutano. Ukutani palitundikwa ramani. Akalitafuta boma lake, akalipata, na katikati yake akaona mstari mwekundu wa nukta nukta ukipita kutoka ua hadi ua. Ilikuwa baipasi. Malori yaendayo Lodwar na Sudan Kusini yangepita hapo siku moja bila kuusumbua mji.

Alirudi nyumbani akamkuta mkewe, Nasimiyu, akiyapanga mawe ya ujenzi yaliyoshushwa wiki hiyo. Nyumba ya mawe ilikuwa ianze baada ya mavuno.

"Mama Pauline, hatujengi," akasema.

"Kwani fundi amekataa?"

"Serikali imepitisha barabara hapa."

Nasimiyu akayatazama mahindi, akawatazama kuku waliokuwa wakichakura. "Imepita saa ngapi?"

Ikawa hivyo. Wakakaa katika nyumba yao ya udongo, na kila masika yakiisha Nasimiyu aliikandika upya huku akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ambayo mumewe aliielewa vizuri. Mawe yakaota nyasi. Majirani wakaanza kuazima, mmoja jiwe la kuegemeza mlango, mwingine mawe ya meko, na Wabwile hakuwanyima, maana barabara ikija yangehamishwa tu.

Wenzake hawakungoja. Makokha, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliinua ghorofa pale pale baipasi ilipopaswa kuanzia. Wabwile alimwendea kwa heshima zote kumwonya. Makokha akamsikiliza mpaka mwisho, akamfungulia soda.

"Mzee, hiyo barabara ikija itanikuta," akasema. "Mimi siendi mahali, bana."

Wakwe walipokuja kutoka Kachibora kumposa binti yao Pauline, baba wa kijana, Mzee Kipkorir, alishangaa kumwona mtu wa mahakama akipokea wageni chini ya dari la magunia. Akauliza kwa upole kama kuna shida.

"Hapana shida," Wabwile akajibu. "Ila hapo ulipokaa, mkwe wangu, ni katikati ya barabara."

Mzee Kipkorir akatazama chini, akatazama mlangoni, kisha kwa adabu kubwa akasogeza kiti chake kando.

Wabwile akastaafu, nywele zikawa nyeupe, na barabara haikuja. Hakulalamika. Kesi nyingine, alisema, huahirishwa mpaka mashahidi wanakufa, lakini bado ni kesi.

Ndipo mwaka jana, baada ya ibada, ikatangazwa kwamba mpango wa mji umezeeka na sasa unahuishwa, na kwamba wananchi wote wafike kwenye ukumbi wa kanisa kutoa maoni. Wabwile alilitoa koti lake la mahakamani akalipiga pasi. "Leo watasema inaanza lini," akamwambia mkewe. Nasimiyu akajifunga leso akamfuata, si kwa imani, bali ili awepo.

Mpangaji aliyetumwa alikuwa binti mpole aitwaye Jelagat, mwenye sauti ya kwaya. Aliwasalimu watu vizuri, akatundika ramani mpya, akaeleza kwamba mpango wa kale ulikuwa na maono mazuri lakini haukutekelezeka.

"Huu mpya unaheshimu kilichopo," akasema. "Kwa mfano, ile baipasi tumeifuta. Njia yake yote imejaa majengo."

Watu wakapiga makofi. Ghorofa la Makokha, ilionekana, sasa lilikuwa kitovu cha biashara, na limepakwa rangi ya machungwa kwenye ramani. Makokha akasimama akapunga mkono kama mgombea. Akaishukuru serikali kwa kuona mbali.

"Lakini mji hauwezi kuwa maduka matupu," Jelagat akaendelea. "Watu wanahitaji mahali pa kupumzikia. Kwa bahati nzuri tumepata eneo moja tu ambalo halijajengwa." Akaweka kidole juu ya kipande cha kijani.

Wabwile akavaa miwani, akasogea mpaka mbele.

"Binti yangu, hapa ni kwangu."

"Kwako, mzee? Tulidhani ni ardhi ya umma. Si hakuna nyumba ya kudumu hapo?"

"Sikujenga kwa sababu mpango ulisema nisijenge."

"Mpango gani huo?"

"Wenu."

Mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia, na kicheko kikaenea benchi kwa benchi mpaka chifu mwenyewe akajifunika uso kwa kofia. Wabwile alibaki amesimama mbele ya ramani. Alikuwa amewaona wengi kizimbani wakisema kweli na watu wakicheka. Wakati ule yeye kazi yake ilikuwa kutafsiri tu, na hakuwahi kujua jinsi masikio yanavyowaka.

Nasimiyu akainuka. "Na mimi kwa hiyo bustani nitakuwa nani?" akauliza. "Niwe nakata tiketi langoni? Ama mtanipanda pamoja na maua?"

Kicheko kikarudi maradufu, lakini mara hii Jelagat hakuweza kuinua macho.

Mkutano ulipokwisha aliwafuata nje. "Mzee, samahani," akasema polepole. "Hii bado ni rasimu. Nitarudi kuhakiki kila ploti kabla haijapitishwa. Lakini mjue kwamba mpango huu unaheshimu kilichopo. Kukiwa na kitu, utakiheshimu." Akamtazama Wabwile usoni, akasita, kisha akaenda zake.

Nasimiyu alisikia Kiswahili vizuri, lakini maneno ya ofisi alikuwa amezoea kuyapokea kutoka kwa mumewe. "Amesema nini?"

Wabwile akaifuta miwani yake, kama aliyekwama kwenye neno gumu mbele ya hakimu.

"Amesema tujenge."

Mtu wa sheria haachi sheria kwa siku moja. Alikwenda kwanza ofisi ya kaunti kuomba kibali. Akaambiwa, kwa heshima, kwamba kibali cha nyumba hakiwezi kutolewa mahali palipopendekezwa kuwa bustani. Akatoka hapo akiwa amejikunja, akatembea mpaka dukani kwa Makokha, akaketi juu ya mfuko wa simiti. Makokha hakumcheka. Kwa kweli alifurahi, kama mwalimu aliyeletewa mwanafunzi aliyemsubiri miaka mingi.

"Shida yenu watu wa sheria mnaanzanga na msingi mzuri," akamweleza. "Msingi nani anaona? Wewe inua ukuta wa mbele, weka madirisha. Na Mama Pauline atafute pazia. Nyumba iko na pazia, nani ataguza?"

Mafundi wakaja. Wanawake wa kikundi cha Nasimiyu wakabeba maji kutoka mtoni. Majirani, wengine kwa aibu, wakarudisha mawe waliyoazima, baadhi yakiwa bado na masizi ya jikoni. Wabwile alizunguka zunguka akiwa na fimbo yake, akiwaamkia watu kwa sauti ya chini kama mtu aliyeficha mgeni asiyeandikishwa. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani lilimfanya aingie nyuma ya ukuta. Nasimiyu, kwa upande wake, alikuwa amerudia usichana. Aliwaambia mafundi dirisha la jikoni liwe kubwa, na walipouliza ukubwa gani akafungua mikono yote miwili.

Jelagat aliporudi na kishikwambi chake, alikuta kuta zimesimama, chumba kimoja tu ndicho chenye mabati, na mapazia ya maua yakipepea kwenye madirisha ambayo juu yake palikuwa na anga. Makokha alikuwapo, eti ameleta misumari. Nasimiyu alikuwa amemwonya mumewe: akiulizwa, aseme nyumba ni ya zamani.

Lakini Wabwile alikuwa amewaapisha watu wengi mno. Akasimama mlangoni na koti lake.

"Nyumba hii ni ya mwezi huu," akasema. "Na haina kibali."

Makokha akashika kichwa. Jelagat akaendelea kupiga picha, akasogea pembeni ili paa lionekane, lile kidogo lililokuwepo.

"Mzee, sijauliza hayo," akasema. "Mimi nimetumwa kuuliza kama ipo ama haipo."

Wabwile akageuka akaitazama nyumba, na mkewe aliyesimama ndani ya dirisha lake kubwa.

"Ipo," akasema.

Mpango ulipitishwa. Mahali pa kupumzikia wananchi pakahamishiwa kwenye kinamasi nyuma ya josho la ng'ombe, ambako mpaka leo wanaopumzika ni vyura. Katika sherehe ya uzinduzi Makokha alialikwa kuzungumza juu ya umuhimu wa kufuata mipango, akazungumza vizuri sana, na watu wakasema mtu huyu agombee kiti.

Nyumba ikaezekwa yote. Pauline alikuja na watoto kutoka Kachibora, wakakimbia chumba hadi chumba wakipiga kelele ili wasikie mwangwi, na bibi yao hakuwakataza.

Juzi Wabwile alipita kwa chifu, akakuta ramani mpya imebandikwa ukutani. Mazoea ni mazoea, akavaa miwani. Boma lake lilikuwa na rangi ya makazi, kama ilivyostahili. Ila nyuma ya jiko, kutoka ua hadi ua, palipita mstari mwembamba wa samawati, wa nukta nukta. Mtaro wa maji ya mvua. Akautazama kwa muda. Karani akamuuliza kama ana swali.

"Hapana," Wabwile akasema.

Njiani akapitia sokoni akanunua machipukizi ya migomba. Alasiri yote yeye na Nasimiyu walichimba mashimo nyuma ya jiko, kutoka ua hadi ua. Nasimiyu akasimama kupumua, akaukodolea macho mstari wa mashimo, akasema umepinda.

"Uache tu," Wabwile akasema, akatia mbolea.