Jujitsu ya Braza Sefu wa Kiwalani, na mie niliyembebea udongo

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Haya ninayoyaleta ni kweli tupu. Chumvi ikionekana, ni ile ya kuonjea tu.

Miaka ya tisini, mie mwenzenu niliamini kwa moyo wangu wote kwamba mtu wa jujitsu anavuta nguvu kutoka ardhini kupitia mgongoni. Ndiyo maana anapenda kulala chali. Yuko chaji, kama simu zenu hizi.

Na siyo ardhi yoyote. Ni udongo wa nyumbani kwake, alikozika vitu vyake. Ukimpeleka kwenye saruji, umeme umekatika.

Habari hizi zilianzia bombani, kwa akina mama wa Kiwalani. Ila zilipofika kwangu zikapata elimu. Nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya jioni, kidato cha nne, na Kiingereza kinanitoka mpaka puani. Siku moja pale kwenye kibanda cha video nikasimama, nikawachambulia watu neno lenyewe.

Juju mnaijua. Kinachobaki ni "itsu", ambacho ni Kiingereza cha haraka haraka cha "it's you". Juju, it's you. Yaani uchawi ni wewe mwenyewe.

Watu waliniitikia kwa heshima. Mzee mmoja alinipisha kwenye benchi.

Sasa juzi nimewaona humu mnatoana macho kuhusu jamaa mmoja wa MMA. Wengine mnasema jujitsu yake ni ya hatari, wengine mnasema anaanguka tu halafu anabahatisha. Huo ubishi sie tuliumaliza zamani sana, wakuu. Tena ulikuwa umebeba ugali wa mtu.

Mtu mwenyewe ni Braza Sefu.

Alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha nguo. Ulipokuja upepo wa ubinafsishaji, wakapunguzwa, akarudi mtaani na mikono mipana kama beleshi. Nyumbani wakabaki wanategemea maandazi ya mkewe, shemeji yetu Mwanaidi. Watoto wale wakila andazi asubuhi, mchana wanakula harufu yake.

Kipindi hicho ndiyo zimeingia zile kanda za mapigano ya huko nje, watu wanafungiwa kwenye wavu, ngumi, mateke, mieleka, vyote ruksa. Jina la MMA hatukulijua. Sie tuliita "fujo halali".

Kwenye kanda moja kulikuwa na jamaa mwembamba wa jujitsu, amevaa kama anaenda kulala. Akashuka chini kweli, akalala. Bonge la mtu likamlalia juu. Kibanda kizima tukaanza kumwombea dua marehemu. Mara bonge likaanza kupiga kofi chini, linaomba po. Limekabwa kabali kutokea chini.

Braza Sefu aliiangalia ile kanda mpaka mwenye deki akaanza kumwogopa. Picha ikachakaa, ikawa inatoa mistari kama mvua, yeye bado anataka warudishe nyuma.

Kisha akaanza mazoezi uani kwake, na begi la mazoezi nilikuwa mie. Shingo yangu hii inayonisumbua leo, wakati ule ilikuwa inakabwa kila jioni. Akilala chali ukamsogelea, kwaheri. Unaanza kuwaona babu zako waliotangulia, wanakukaribisha uji.

Ila alikuwa na mambo yake, yote tukayapa maana. Msikitini aliswali amekaa kwenye kigoda. Tukasema anatunza nguvu. Baiskeli aliipandia upande ambao hakuna mtu anaupandia. Tukasema ndiyo mafunzo. Akichelewa kunyanyuka pale uani, tunasema bado hajajaa.

Basi. Kukafunguliwa kampuni ya ulinzi kule Kipawa, enzi hizo makampuni yanaota kama uyoga. Wakatangaza wanataka mkufunzi wa walinzi. Nafasi moja. Mkurugenzi mwenyewe, mzee mmoja wa suti na kobazi, akasema anataka mtu mkakamavu, mzima wa viungo, asiye na hitilafu.

Waliobaki mwisho ni wawili. Braza Sefu, na jamaa wa Kinondoni tuliyekuwa tunamwita Sajenti, bondia mstaafu wa jeshini. Sajenti akikupa mkono, unarudi nyumbani unahesabu vidole.

Mkurugenzi akaamua wapimane pale pale kwenye yadi ya kampuni. Hakuna kung'ata, hakuna macho, anayepiga kofi chini ameshindwa. Anayebaki anachukua kazi.

Sajenti alishaanza kejeli. Akatuma salamu mpaka Kiwalani kwamba hiyo si jujitsu, ni mtu mvivu anayetafuta pa kulala.

Mie sikujali kejeli. Nilichojali ni kwamba nilipita pale yadini kuchungulia, nikaona saruji. Saruji ukuta kwa ukuta, imesuguliwa mpaka inang'aa.

Wakuu, usingizi ulikata. Niliona kabisa mtu wangu analala pale chali, umeme haupandi, Sajenti anamchambua kama samaki. Na wale watoto je?

Asubuhi ya siku yenyewe nikatangulia kwa Sefu na toroli la kuazima. Nikachimba uani, pale pale anapolalaga. Shemeji Mwanaidi akatoka na upawa wake mkononi, akasimama ananiangalia. Nikamwambia, shemeji, nampelekea braza udongo wake, kule ni saruji tupu.

Aliutazama ule udongo niliochimba. Halafu akasema, "Chimba wa pale kwenye kivuli, shemeji. Ule laini." Akaingia ndani akaniletea na viroba vingine vya kujazia.

Nikasema moyoni, huyu mama anaijua siri.

Kiwalani mpaka Kipawa nasukuma toroli la udongo. Getini mlinzi ananiuliza unapeleka wapi, nikamjibu kwa Kiingereza, akafungua. Nikamwaga yadini, nikasambaza kwa beleshi kama naandaa bustani ya mchicha. Mkurugenzi akauliza ni wa nini. Nikamwambia ni taratibu za kimataifa za mchezo. Akatikisa kichwa kama mtu anayezifahamu.

Braza Sefu alipofika akauona ule udongo, akaniangalia. Mpaka leo nalikumbuka lile jicho. Nilidhani ni la mganga kwa msaidizi wake.

Wakaanza. Sefu hakungoja hata salamu. Akashuka polepole, akalala.

Yadi ikaangua kicheko. Mkurugenzi akauliza, "Huyu amekuja kufanya kazi au kupumzika?"

Sajenti anazunguka, anazunguka, hajui aanzie wapi. Jeshini hawakumfundisha kumpiga mtu aliyelala. Akamtupia teke la mbavuni, nikasikia lilivyoingia. La pili likaingia pia. Kicheko kikakata. Sefu anagugumia, mie namwambia ardhi fanya mambo.

La tatu, mguu wa Sajenti wa kusimamia ukateleza kwenye udongo wangu.

Alianguka kama mnazi. Hajatua vizuri, Sefu ameshamkwea mgongoni, mkono uko shingoni, kabali ile ile ya kwenye kanda. Sajenti akageuka rangi ya zambarau iliyoiva. Kofi la kwanza alipiga hewani, la pili ndiyo akaipata ardhi.

Sefu akamwachia. Halafu Mkurugenzi akanigeukia mie, kwa sababu ya Kiingereza cha getini, akataka nimpe tathmini. Hii jujitsu ya huyu bwana ni ya kiwango gani hasa?

Nikavuta pumzi. "Mzee, ya namna hii hata huko Japani wamebaki wachache, na wote ni wagonjwa."

Kazi ikapatikana pale pale. Kiwalani tulikula pilau ya maana. Na Braza Sefu akafundisha walinzi mpaka anastaafu, tena akiwa amekaa kwenye kiti muda wote. Sie tukasema ndiyo ilivyo, masensei wakubwa hawasimami hovyo.

Kwa hiyo, nyie mnaobishana jujitsu ya fulani ni kali au ni fiksi, funzo langu ni dogo. Mtaalamu wa pembeni msimsikilize sana, hasa akiwa na Kiingereza. Waulizeni wanaokaa naye nyumba moja. Mwenye kisa cha aina hii akimwage hapa chini, matusi nayapokea, nimeshakabwa na wakubwa zenu.

Ila msianze kuandika kwanza, kuna kipande kimebaki.

Mwaka jana nilienda kuwasalimia. Braza Sefu ni mzee sasa, anasikiliza redio. Nikawa nawahadithia wajukuu zake habari za nguvu za ardhini, nimefika pale pa udongo kupandisha umeme, shemeji Mwanaidi akashindwa kuvumilia. Akaweka sinia la mchele chini.

"Shemeji, umeme gani? Huyu goti lilikufa kiwandani, lilibanwa na mashine. Halikunji. Alikuwa analala kwa sababu kusimama kulimshinda. Ya bombani niliyasema mie, ili wasimwulize mguu wakamnyima kazi. Ule udongo ulimfaa kwa kuwa laini, kwenye saruji angelia akishuka."

Nikamuuliza, na jujitsu je?

"Kabali moja. Nyingine hata majina yake alikuwa hayajui."