Swichi ya Waipa ya Motokari ya Baba

Mama alikuwa ameapa kwamba ataenda kwenye ndoa ya mjukuu wake kule Fizi ndani ya motokari ya marehemu Baba, si nyingine. Mvua zilikuwa zimeanza, na waipa za kioo cha mbele hazikuwa na swichi. Kazi ya kuitafuta iliniangukia mimi, mtoto wake wa kwanza, na mimi nina ubishi ambao hata mke wangu ameshindwa kuuzoea.

Motokari hiyo Baba aliinunua ikiwa mpya. Tulipokimbia vita tukavuka ziwa kwenda Tanzania, tuliiacha hapa Baraka, na tuliporudi tukaikuta mifupa mitupu. Dashibodi ilikuwa matundu tu. Sikuhitaji kuuliza swichi zilikokwenda, maana wavuvi wetu huzifunga kwenye boti kuwashia taa za kuvulia ndakala, dagaa wa ziwa letu. Nilikuwa nimeshaifufua kidogo kidogo, na swichi nyingine zote nimeshazipatia za namna ileile, ikabaki hiyo moja ya waipa.

Fundi aliniletea swichi mpya ya plastiki, nikamfukuza. Swichi za namna hii haziandikwi mwaka, lakini ukizigeuza zinajisema zenyewe. Za zamani kabisa waya hubanwa kwa skrubu, pete yake ni ya shaba, na kitufe cha kuvuta ni cha kahawia, kigumu, kizito mkononi. Za miaka ya baadaye waya huchomekwa tu kwenye vibati bapa, na kitufe ni plastiki nyeusi isiyo na adabu. Za Baba zilikuwa za katikati: skrubu bado zipo na kitufe ni kile cha kahawia, ila pete si ya shaba tena, ni ya chuma cheupe. Kwa wauza vyuma wote wa Baraka sikupata hata moja iliyobaki ya namna hiyo.

"Mi nataka kufika ku ndoa," Mama aliniambia. "Mwaka ya swichi itanisaidia nini?"

"Mama, siwezi kutia kitu ya uongo mu motokari ya Papa."

"Basi nitapanda pikipiki. We utabakia na motokari ya Papa yako."

Hilo liliniuma. Mama anaogopa pikipiki kuliko mamba.

Kesho yake nilipanda boti hadi Ubwari, rasi iliyo ng'ambo ya ghuba, nikawa naomba ruhusa ya kuchungulia chini ya ubao wa taa wa kila boti iliyokuwa ufukweni. Watu walinicheka sana. Lakini katika boti moja kuukuu niliona skrubu na pete nyeupe, nikafurahi kama mtoto. Mwenyewe akakataa kuitoa.

"Muzee, hii haijaniangusha hata siku moja. Ile ya vibati, wimbi ikipiga tu, waya inatoka."

Nilimpa mbili za zamani za skrubu nilizokuwa nimezinunua kwa wauza vyuma, nikamfungia kwa mikono yangu, ndipo akakubali. Kasoro ilikuwa moja tu: kitufe kilikuwa na mabonde ya meno. Panya, nikajisemea, nikaitia mfukoni.

Asubuhi ya ndoa nilikaa uani na msasa nikijiandaa kuyafuta yale mabonde. Mama alikuwa tayari amevaa kikwembe chake kipya, amekaa kando yangu, hana raha. Akaniomba aishike ile swichi. Alipitisha kidole gumba juu ya kitufe, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Weka msasa chini. Ile haiko panya, ni mi."

Akanieleza. Uchungu ulimshika mvua ikinyesha, wakiwa njiani kutoka Lweba. Baba alikuwa anaendesha, na Mama ndiye aliyekuwa akimvutia swichi ya waipa.

"Nilivuta kwa nguvu, kitufe ikatoka, ikabakia mu mukono. Papa yako akasema niume kitu. Njo nikaiuma, mpaka ku hospitali ya Baraka, kisha Papa yako akairudisha. Ile siku njo ulizaliwa."

Niliuweka msasa chini. Nilikuwa nimezigeuza swichi za ziwa zima nikitafuta mwaka, kumbe mwaka wenyewe ulikuwa wangu.

Niliifunga vilevile ilivyo. Mvua ilitunyeshea njia nzima ya kupanda Fizi, na Mama hakuniruhusu kuigusa. Kila ilipohitajika, aliivuta yeye.