Mjerumani wangu aligoma katikati ya lango la wakwe, Kendu Bay

Wakuu, salamu kutoka Migori.

Naandika hii nikiwa na hasira kidogo na njaa kidogo, lakini kila neno ni la kweli. Atakayesema ni hekaya, aje dukani tuongee.

Mimi nauza pampu za maji na mipira yake hapa Migori town. Wateja wangu wengi ni wachimba dhahabu wa Macalder. Mmoja wao ndiye aliniuzia hii sedan ya Mjerumani: nyeusi, viti vya ngozi, ya ule mwaka sote tulikuwa tunatembea na simu za kabambe.

Bei ilikuwa ya Probox, ile Toyota ya kubebea mizigo.

Sasa mtu wa dhahabu anakuuzia gari kama hiyo kwa bei ya Probox, na hujiulizi? Sikujiuliza. Nilikuwa nimeshakaa ndani, nasikia vile mlango unafunga.

Kwanza ikaanza kunywa coolant. Kumbe water pump ni ya plastiki na imepasuka. Tukabadilisha. Ikaja gasket ya juu ya engine, oil inadondokea exhaust, gari inanuka mandazi ya kuungua. Halafu sensor. Halafu sensor ingine. Spare huku hakuna, inatoka Nairobi, na ikifika fundi anaigeuza geuza anasema, "Boss, hii si yenyewe."

Lakini ugonjwa wenyewe ulikuwa air suspension. Kwa wasiojua, hizi gari hazina spring. Zinabebwa na mifuko ya mpira yenye hewa, na compressor ndiyo inapuliza. Mfuko ukizeeka unavuja. Unaacha gari imesimama vizuri, unarudi unapata imekaa chini kama kuku kwa mayai. Unawasha, unangoja, inainuka, unaenda zako.

Fundi aliniambia nibadilishe mifuko mapema, compressor itachoka kupuliza bure.

Nikamwambia wachana na mimi, kwanza nioe.

Ehe, hapo ndipo maneno yalipo.

Mchumba wangu anaitwa Atieno, kwao ni Kendu Bay. Siku ya kupeleka ayie, ile zawadi ya kumwomba mama mkwe akubali, nilipakia wajomba zangu watatu ndani ya Mjerumani, AC inapuliza, tukateleza mpaka Homa Bay na mbele. Tulipoingia kwa boma, watoto walikimbia wakishangilia. Nilijiskia, siwezi kudanganya.

Mama mkwe alipokea vizuri. Shida ilikuwa baba mdogo wa Atieno, Mzee Ogweno, mwenye boti zake pale ziwani. Yeye ndiye msemaji wa familia. Alikula, akanawa mikono, akasema, "Tumeona gari. Mtu bado hatujamwona. Tutawatumia jibu."

Wakuu, Mluo akikwambia atakutumia jibu, anza kuomba Mungu. Moyo uliniuma, maana huyo Atieno nampenda kufa.

Tukaaga. Kutoka nje, Mjerumani amekaa chini kabisa, mbele na nyuma.

Nikawasha. Compressor ikanguruma, ikakohoa, ikanyamaza. Dashboard ikaandika kwa nyekundu kwamba gari iko chini sana. Asante, mimi ni kipofu.

Sasa hapo langoni kuna tuta la udongo la kuzuia maji ya mvua. Mjomba wangu Ouko, ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli, akasema, "Piga moto, itaruka!"

Nikapiga moto.

Haikuruka. Ililala na tumbo juu ya tuta. Bonnet barabarani, boot kwa boma la wakwe. Magurudumu ya nyuma yanarusha vumbi tu. Na ng'ombe wa nyumbani ndio wanarudi malishoni, wamesimama mbele yangu, fahali mmoja analamba taa.

Wengine mnaweza kusema, si uiache urudi kesho? Hapana. Kwetu mkwe halali kwa mama mkwe, na jua lilikuwa linashuka.

Mjomba mmoja akatutetea kwamba gari si mtu, ikilala hapo si mkwe amelala. Mzee Ogweno akamuuliza, "Logbook iko na jina la nani?"

Langu.

"Basi ni yeye amelala."

"Lakini nusu iko nje!" akasema Ouko.

"Nusu gani? Kiti chake kiko wapi?"

Wazee wakainama kuangalia kama kiti cha dereva kimepita lango au bado. Mwingine akataka tutoboe ua tupitie kando, wakamfokea wote kwa pamoja. Mgeni wa heri hapitishwi kwa tundu.

Mimi nilikuwa chini ya gari na jeki, suti imeisha. Nikasikia mama mkwe, kwa mbali, akimtuma Atieno: "Mwambie huyo mtu atoke huko chini. Atakufa kabla sijaona ng'ombe zake za mahari."

Kisha akageukia wanaume. "Na nyinyi? Boti mnavuta kila asubuhi. Hii imewashinda nini? Ama ni kwa sababu haina samaki?"

Yawa! Hayo maneno yaliwachoma. Mzee Ogweno akavua koti. Zikaletwa kamba za boti na yale magogo wanayolaza chini boti ipande ufuoni. Wakainua kwa mbao, wakasukuma magogo chini ya tumbo, wakashika kamba. Yeye akaanzisha wimbo, wenzake wakaitikia, na kila wakiitikia gari inasonga.

Exhaust ilibaki langoni. Sikuijali.

Ilipofika barabarani jua bado linaonekana. Mzee Ogweno akaegemea bonnet, jasho linamtoka, ananiangalia vile nilivyo na matope mpaka kwa masikio.

"Kwetu ziwani, aliyeshika kamba haendi nyumbani mikono mitupu," akasema. "Na mimi nimeshika. Orwa, leta ng'ombe."

Orwa kwa Kijaluo ni "mkwe wetu", yaani amenikubali. Wakuu, nililia hapo barabarani, mbele ya ng'ombe na wajomba, na siombi msamaha.

Funzo: gari ya hewa ikianza kulala, tibu mfuko mapema, kwa sababu mfuko unaua compressor, na compressor inakuua wewe. Ukinunua Mjerumani mzee, weka kando pesa ya Mjerumani wa pili.

Mimi sikuweka. Mifuko minne, compressor na exhaust vimemaliza kila kitu. Jana Mzee Ogweno alipiga simu kuuliza ng'ombe wake wamefika wapi.

Nikamwambia wako garage.

Kama kuna mwenye amewahi kutoa mifuko akaweka spring za kawaida, aseme bei na ukweli. Wa kunicheka pia karibuni, lakini mkimaliza mnitafutie mtu wa kununua viti vya ngozi.